Nilitia saini kwa mkono wa kushoto

BARUA

Shikamoo Bi. Mshauri,

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, ukiona makosa unisamehe. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu Tanga, na huu ni mwaka wa nne niko Odense, Denmark. Nilikuja kumfuata mume wangu, tuna mtoto mmoja.

Kazi niliyopata ni ya usafi. Kampuni ni ya ndugu yake mume wangu, mtoto wa mama yake mkubwa. Nilipofika tulikaa kwake miezi mitano, hatukulipa hata senti. Mama yangu alipofanyiwa operesheni ya jicho, nusu ya pesa alitoa yeye. Nakueleza haya mapema ili usije ukamwona mtu mbaya.

Mwaka jana tarehe 24 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nadeki ngazi za jengo moja la ofisi. Taa ya ghorofa ya pili ilikuwa imekufa kama wiki mbili. Nilimtumia shemeji ujumbe wa sauti mara mbili, akajibu atawaambia wenye jengo. Novemba ya huku saa hizo ni giza totoro. Nikakosa ngazi moja, ndoo ikatangulia, nami nikaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika.

Alikuja mwenyewe kunichukua. Ndani ya gari akaniambia, "Shemeji, wakikuuliza sema umeanguka nyumbani. Wakijua ni kazini bima itapanda, na kakampuni kenyewe ndiyo haka." Nikasema nimeteleza bafuni. Wakaniwekea chuma na P.O.P.

Baada ya wiki akaja nyumbani na bahasha, kroner 15,000. Akasema hizo ni za pole, na mshahara wangu atanilipa kamili mpaka nipone. Akatoa karatasi ya Kidenishi, ukurasa mmoja, nitie saini kwamba nimepokea. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, nikatia saini kwa kushoto, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Mume wangu akatupiga picha, tukacheka. Nakala nikaiweka ndani ya kopo la unga jikoni.

Nilikaa nyumbani wiki kumi. Mshahara ulikuja miezi miwili, ukakatika. Niliporudi kazini nikashindwa kukamua dekio. Zamani nilikuwa na saa 37 kwa wiki, sasa nina 20. Kusukuma chapati siwezi, na zipu ya koti la mwanangu namwomba mwalimu wa chekechea anifungie. Mwezi wa nane daktari alisema mkono hautageuka tena kama zamani.

Juzi binti wa jirani, anasoma sekondari hapa, nikamwonyesha ile karatasi. Akasoma mstari wa mwisho, "til fuld og endelig afgørelse", akanieleza kuwa nimekubali pesa zile ni malipo kamili na ya mwisho, sitadai kitu kingine. Nilihisi ubaridi mwilini.

Mume wangu anasema nimeshatia saini, yamekwisha, na ndugu hapelekwi mahakamani. Mama mkwe amepiga simu kutoka nyumbani kuniuliza kama nimesahau nililala kwa nani. Mpolandi mmoja ninayefanya naye kazi yeye ananihimiza niripoti, eti kuna muda wa mwaka mmoja tu. Niripoti wapi? Na nitamripotije mtu aliyenipokea uwanja wa ndege?

Nimshtaki au ninyamaze, Bi. Mshauri?

Mkono Mmoja, Odense

Halafu kuna jambo nililiacha makusudi, lakini naona bora uwe nalo. Jumamosi alikuwa ananilipa mkononi, hazipiti kwenye kodi.

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole ya mkono kwanza, kisha pole ya huko kuhisi ubaridi mbele ya mtoto wa jirani, maana najua ilivyo mtu mzima kusomewa saini yake mwenyewe.

Ujue unaongea na nani. Mimi si wakili. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili na Kidenishi kwa miaka, nikikaa kwenye kiti cha katikati kati ya watu kama wewe na maofisa. Nitakueleza njia zilivyo. Kuchagua ni kwako.

Umeniuliza umshtaki au unyamaze. Mambo hayo mawili umepewa na wengine, mume kwa upande huu na mama mkwe kwa upande ule, nawe ukayapokea kana kwamba hakuna la tatu. Neno "mahakamani" katika barua yako limetoka mdomoni mwa mumeo, halikutoka kwa yule Mpolandi. Yeye alisema kuripoti, na kwa Denmark hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwajiri wa huko analazimishwa na sheria kukata bima ya ajali za kazini, na ajali kama yako ilikuwa wajibu wake kuiripoti. Asiporipoti, aliyeumia anaripoti mwenyewe. Anayeamua si hakimu, ni taasisi inayoitwa Arbejdsmarkedets Erhvervssikring. Kuripoti hakulipiwi, na huhitaji kuthibitisha kwamba shemeji amekosea. Wanachotaka kujua ni kama uliumia, kama ilikuwa kazini, na kama jeraha limetokana na ajali hiyo. Anayelipa ni bima. Ukiwaza "fidia", basi, usimwone shemeji akitoa pochi.

Wanapima mambo mawili makubwa. La kwanza wanaliita "varigt mén", yaani kilema cha kudumu: maisha yako ya kila siku yamepungua kiasi gani. Hapo ndipo inapoingia ile zipu ya mtoto. Wanakipima kwa asilimia kwa kufuata jedwali lao. Chini ya asilimia 5 hakuna malipo, na kila asilimia moja kwa viwango vya miaka hii ni kama kroner 10,000. La pili ni kupungua kwa uwezo wa kupata kipato, na hapo mlango unaanzia asilimia 15. Saa 37 kuwa 20 ni habari ambayo watataka kuisikia. Mkono wako utapewa asilimia ngapi siwezi kukukadiria, na mtu yeyote atakayekutajia namba kabla ya daktari wao kuuona, msikilize kwa adabu tu.

Huyo Mpolandi hakukudanganya kuhusu muda. Ni mwaka mmoja tangu siku ya ajali. Kuupita si lazima iwe mwisho, maana wanaweza kuusamehe pale ushahidi ukiwa wazi, lakini ushahidi wako, kama utakavyoona hapa chini, hauko wazi kiasi hicho. Kwako saa inakwenda hadi tarehe 24 Novemba.

Sasa karatasi. Umeniambia ulisaini kwa kushoto, na nafikiri ulitarajia niseme saini ya namna hiyo haihesabiki. Inahesabika. Wadenishi wana sheria ya mfalme Christian wa Tano ya mwaka 1683, na kuna vifungu vyake ambavyo mpaka leo havijafutwa. Kimoja kinasema kila mtu anapaswa kutimiza alichoahidi kwa kinywa, kwa mkono na kwa muhuri. Nilipokisikia mara ya kwanza kikisomwa nilishangaa, maana ni lugha ambayo bibi yangu angeielewa. Wala kutojua Kidenishi peke yake hakuifuti saini. Aliyetia saini bila kusoma kwa kawaida amejifunga, huko kama kwetu.

Lakini kifungu hichohicho kina upande wa pili, na huo hakuna aliyekutajia. Kinywa kimetangulia. Shemeji aliahidi kwa kinywa, mbele ya mumeo, kwamba mshahara atakulipa kamili mpaka upone. Ahadi ya mdomo Denmark ni mkataba kama ya maandishi. Ugumu wake ni kuithibitisha tu. Akilipa miezi miwili akaacha, ni nani basi aliyevunja makubaliano? Sikuulizi umchukie. Nauliza kwa sababu nyumbani kwenu inazungumzwa ahadi moja tu, ya kwako.

Halafu jiulize karatasi ile ni kati ya nani na nani. Ni kati yako na kampuni ya shemeji. Bima haikuwepo mezani siku ile. Unachostahili kwenye bima ya ajali za kazini kinaamuliwa na taasisi ile kwa sheria yake, wala hakiamuliwi na bahasha sebuleni. Kwa hiyo mumeo anaposema yamekwisha, yaliyokwisha, kama yamekwisha, ni yale ambayo kampuni yenyewe ingedaiwa juu ya bima.

Na hayo yapo. Kuna sheria nyingine ya fidia, ya mwaka 1984, kwa pale mtu anapoumizwa kwa uzembe wa mwingine. Hiyo ndiyo inayolipia mshahara uliokosekana, na pia kile wanachokiita "svie og smerte", maumivu ya siku za ugonjwa, ambacho miaka hii kinazidi kroner 200 kwa siku. Hapa kosa linahitajika, na taa iliyokufa wiki mbili huku umelalamika mara mbili ni jambo ambalo wakili angekaa vizuri kitini kulisikiliza. Piga hesabu kidogo. Wiki kumi ni siku 70. Kwa kroner 200 tu, hizo ni 14,000. Ile 15,000 imekaribia kumezwa na maumivu peke yake, kabla hata ya kugusa mshahara.

Ni katika dai hili, la juu ya kampuni, ndipo karatasi inapokuwa na meno. Hata hapo si jiwe. Sheria ya mikataba ya Denmark ni ya mwaka 1917, na ina vifungu vya watu waliojifunga wakiwa pabaya. Kifungu cha 31 kinamtazama anayetumia shida ya mwenzake, kutojua kwake au utegemezi wake ili ajipatie faida isiyolingana. Cha 36, kilichoingizwa mwaka 1975, kinaruhusu mkataba uondolewe au urekebishwe, wote au sehemu, ukiwa si wa haki kuushikilia. Na wanaangalia hata mambo yaliyotokea baadaye, kama daktari wako wa mwezi wa nane. Fikiria ile picha aliyopiga mumeo. Mwajiri na mfanyakazi wake, wiki moja baada ya ajali, mkono umefungwa, karatasi katika lugha ambayo mmoja haisomi, na ameambiwa ni ya kupokea pesa. Mlicheka wakati ule. Wakili hatacheka. Wala sisemi utashinda: mahakama za huko hazivunji makubaliano kwa wepesi, na shemeji anaweza kusema alikueleza kila kitu kwa Kiswahili, na mumeo alikuwepo. Siku hiyo mumeo atasema nini? Hilo swali lina uzito kuliko kifungu chochote nilichokutajia.

Afadhali ni kwamba dai hili lina saa yake, na saa hiyo inakwenda polepole: kwa kawaida ni miaka 3. Ndiyo maana nasema usiyafunge mambo haya mawili kamba moja. Unaweza kuripoti ajali Novemba haijafika, kisha suala la karatasi na shemeji ukaliacha likae huku familia inaongea. Kuripoti hakukulazimishi kumdai yeye hata krona moja.

Njia nyingine ni kumwendea yeye kwanza, aripoti mwenyewe. Ina heshima yake, na kwa watu wetu mara nyingi ndiyo inayookoa undugu. Hatari yake ni muda. Ataomba wiki, ataomba mwezi, ataleta wazee, na wewe utaona haya kukumbusha. Ukiichagua, mwandikie hata baada ya kuongea, ujumbe mfupi tu wenye tarehe mliyokubaliana. Na umsikilize anaogopa nini hasa. Alisema bima itapanda. Mimi nikasoma sentensi ile nikajiuliza, je, bima yenyewe ipo? Huenda ipo na nimemdhulumu kwa kuwaza. Lakini kama haipo, hofu yake ni kubwa kuliko alivyokuonyesha, maana mwajiri asiyekata bima anakuja kudaiwa gharama na serikali. Wewe haki yako haipotei kwa hilo. Kwake ingekuwa pigo la kweli, na ni vizuri ulijue kabla ya kuamua, si baada.

Kunyamaza nako ni njia, siidharau. Wapo niliowatafsiria waliochagua hivyo wakaishi kwa amani. Ila mkono una miaka 34. Kesi iliyofunguliwa ikaamuliwa inaweza kuombwa ifunguliwe tena hali ikizidi, kwa kawaida ndani ya miaka 5. Ambayo haikuripotiwa haina pa kurudi.

Nije kwenye yale mawili yanayokukosesha usingizi, maana uliyaficha, moja katikati ya barua na moja mwishoni. Bafuni kwanza. Watakapoomba faili lako hospitali, watasoma umeteleza nyumbani, na neno la kwanza alilosema mgonjwa lina nguvu. Faili halifutwi, lakini unaweza kumwendea daktari wako wa kawaida ukamweleza ilivyokuwa na kwa nini ulisema vingine, aandike hivyo. Si rahisi kusema, najua. Nimewahi kutafsiri sentensi kama hiyo na sauti ya mama yule ilikuwa haitoki. Pamoja na hilo, tafuta ujumbe wa asubuhi ile, ratiba ya zamu, zile sauti mbili kuhusu taa. Usifute kitu kwenye simu, na ukibadilisha simu hamisha kwanza. Denmark mwamuzi yuko huru kupima ushahidi wa kila namna, sauti ya WhatsApp ikiwemo.

Pesa za Jumamosi hazikutoi kwenye bima, kwani hata anayelipwa kimyakimya analindwa akiumia. Lakini mshahara wako wa mwaka utaangaliwa, na zile Jumamosi ama hazitakuwemo, na kipato chako kionekane kidogo kuliko kilivyokuwa, ama zitakuwemo na watu wa kodi waulize, wewe na yeye. Hili usilipeleke kwenye ofisi yoyote kabla hujakaa na mtu wa sheria.

Mtu wa sheria si lazima umlipe. Ipo Advokatvagten, mawakili wanaokaa jioni fulani katika miji mbalimbali kushauri bure, na hutaji jina. Nenda na karatasi. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, kesi kama hizi ndiyo kazi yao ya kila siku. Wasafishaji wengi wako 3F. Kama hukujiunga, angalia bima ya vyombo vya nyumbani kwenu, mara nyingi ndani yake mna msaada wa gharama za kesi. Ukiripoti, fungua Digital Post, lile sanduku lako la barua za serikali mtandaoni, kila siku, maana barua ikishaingia humo imekufikia, umeisoma hujaisoma, na kukata rufaa kwa Ankestyrelsen ni wiki 4 tu. Kama una hofu ya kibali chako cha kuishi huko, fidia ya bima si msaada wa komuni, yaani wa serikali ya mji, lakini muulize wakili uyasikie kwa masikio yako.

Limebaki la fadhila, ambalo ndilo kubwa. Umemtetea shemeji kabla hujamshtaki, na nimependa hivyo. Alikupokea kweli. Alimsaidia mama kweli. Taa nayo ilikuwa imekufa kweli, na gari lilipokuwa njiani kwenda hospitali alikuwa anawaza kampuni. Yote hayo ni mtu mmoja, na huna haja ya kulifuta moja ili uliamini jingine. Mama mkwe amekuuliza kama umesahau ulilala kwa nani. Hujasahau, umeniandikia mstari wa nane hivi. Mimi ningetamani kujua kama kuna yeyote upande ule aliyekuuliza mkono unakuumaje usiku.

Anza na mumeo, si kwa neno mahakama. Mwonyeshe tarehe 24 Novemba kwenye kalenda, mweleze kwamba anayelipa ni bima, kisha umwache alale nalo siku mbili tatu. Huenda akawa yeye ndiye wa kwenda kuongea na nduguye, na pengine atakataa. Vyovyote utakuwa umejua umesimama na nani. Niandikie tena, hata kwa kidole kimoja.

Na karatasi hiyo itoe kwenye kopo la unga leo, uipige picha mbele na nyuma.